Bwawa Lililogawa Chuo

Tulipoachana, msomaji, kitasa cha mlango kilikuwa kikizunguka, na wajumbe wa Baraza la Chuo cha Mkwajuni walikuwa wamekaa kimya kabisa, kila mmoja akimtazamia Inspekta wa polisi.

Naam, mlango ulifunguka. Na hakuwa Inspekta.

Aliingia mwanamke wa makamo, mrefu, amevaa hando, ile sketi ya marinda ya wanawake wa Kimijikenda, na kanga moja begani, miguu imejaa vumbi jekundu la bara. Alisimama kizingitini. Aliyatazama mapanka ya umeme yaliyokuwa yakizunguka darini, akawatazama wanaume wale waliovaa koti na tai katika joto la saa nane mchana.

"Hodi," alisema. "Mimi ni Dama, nimetoka Kikoneni. Ni mama yake Dzombo."

Kwenye kiti cha pembeni, karibu na dirisha, kalamu ilimponyoka Mwanasha binti Alfani mkononi.

Wewe uliyezikosa wiki zilizopita, shika haya machache twende. Mwaka ni 1967, na bendera yetu haijatimiza miaka minne. Mkwajuni ni chuo kipya nyuma ya pwani ya Galu. Watu wa Kwale nzima waliuza korosho, nazi na mbuzi ili kijengwe, na wakubwa wameahidi kwamba karibuni kitakuwa chuo kikuu kamili. Mwanasha ni mmoja wa wasichana sita katikati ya wavulana mia na themanini. Yeye ni katibu wa wanafunzi, ndiyo sababu alikuwamo ukumbini. Baba yake, Bwana Alfani Chirau wa Msambweni, mwenye mashamba ya minazi, ni mjumbe wa Baraza.

Chuo kimepata msaada wa kujenga jengo moja. Moja tu. Mkuu wa Chuo, Bwana Kombe, anataka bwawa la kuogelea na ukumbi wa mazoezi ya viungo. Bwana Alfani anataka maktaba. Na katikati ya ugomvi huo kuna kaburi la mwanafunzi, Dzombo, aliyekufa maji Galu miezi miwili iliyopita; kwa ajili ya kifo hicho ndipo Inspekta alipoitwa.

"Karibu, mama," alisema Mwenyekiti, Bwana Kenga, mwalimu mstaafu mwenye sauti ya upole. "Tunakupa pole ya msiba. Lakini hiki ni kikao cha ndani cha..."

"Nimeambiwa ni kikao cha maji yaliyomwua mwanangu. Nimetembea tangu jana. Sitakaa sana."

Hakuna aliyethubutu kumtoa.

Wa kwanza kuona faida ya ujio wake alikuwa Mkuu wa Chuo. Bwana Kombe alikuwa bado kijana, amesoma ng'ambo, na maneno hayakumkauka kinywani. Alimwendea mama yule, akampa mkono kwa heshima, kisha akawageukia wajumbe.

"Mabwana, mama huyu ndiye hoja yangu. Tunawaleta vijana kutoka Kikoneni, kutoka Mwereni, watu ambao hawajaona maji yanayozidi kisima. Tunawaweka kando ya bahari, kisha tunawanyima mahali pa kujifunzia kuogelea. Wanakimbia kwenye shamba la mihogo, wanateguka vifundo. Wanalala na vitabu mpaka macho yanawauma. Jioni wanakwenda kunywa Diani kwenye mahoteli, kwa sababu hapa hakuna kingine cha kufanya. Chuo kinacholea kichwa peke yake kinalea nusu ya mtu. Tungekuwa na bwawa, Dzombo angekuwa hai!"

"Tungekuwa hatuna michezo, Dzombo angekuwa hai!"

Aliyesema alikuwa Bwana Alfani. Alikuwa amesimama, kanzu yake nyeupe pe, kofia imekaa sawasawa.

"Ripoti mnayo mbele yenu. Mwalimu wa michezo aliwapeleka wanafunzi baharini bila idhini, mmoja hakurudi. Na dawa yake, eti, ni michezo zaidi! Wazee wa nchi hii waliuza mbuzi wapate madaktari na mahakimu. Hawakuuza mbuzi ili watoto wao warukeruke ndani ya tangi la maji. Anayetaka mazoezi, jembe lipo. Nendeni mkaitazame hiyo inayoitwa maktaba. Makabati matatu, na moja limeliwa na mchwa!"

Upande wake walipiga makofi. Upande wa pili waligonga miguu sakafuni.

Mwanasha alimtazama baba yake, na moyo ulimuuma. Hakuwa mtu mbaya. Ndugu zake walipotaka binti aozwe akiwa na miaka kumi na sita, ni yeye aliyesema hapana, na alitukanwa kwa hilo mpaka msikitini. Na juu ya vitabu alisema kweli. Mwanasha mwenyewe alikuwa amengoja wiki tatu apate zamu ya kitabu kimoja cha elimu ya viumbe.

Lakini Mkuu wa Chuo naye alisema kweli. Hapo ndipo palipokuwa na taabu.

"Mmemaliza?" aliuliza Dama.

Bwana Alfani akaketi.

"Mimi sikuja kwa jengo. Nina swali moja. Dzombo alikuwa akiogopa maji. Tukiuvuka Mto Ramisi alikuwa akinishika nguo mpaka ng'ambo, na alikuwa ameshaota ndevu. Mtu wa namna hiyo aliingiaje baharini? Nani alimwingiza?"

Macho yote yaligeuka kwenye ukuta wa nyuma. Hapo alisimama mtu mmoja mpana wa kifua, amenyooka kama mtu aliyewahi kuwa askari. Ndiye Mwalimu Mwero, mwalimu wa michezo.

"Ni mimi, mama," alisema.

"Ulimsukuma?"

"Nilimwita. Ilikuwa saa ya somo la kuogelea. Alikuja kwa kunitii."

Dama alimsogelea hatua mbili.

"Mwongo wewe," alisema, na sauti yake haikuwa na hasira. "Barua zake zote nilisomewa. Kila barua ilikuwa na jina lako. Alisema wewe humlazimishi mtu, hata kukimbia. Kwa nini unanidanganya, na mimi ndiye niliyefiwa?"

Mwalimu Mwero aliinamisha kichwa.

"Basi amekiri," alisema Mwenyekiti kwa huzuni. "Mwalimu, kuanzia leo huna kazi hapa. Na Inspekta akifika na gari lake, atakupeleka Kwale ukajibu mashtaka."

Mwalimu aliinua macho. Hakumtazama Mwenyekiti, wala Dama. Alimtazama Mwanasha, mara moja tu, akatikisa kichwa kidogo.

Usiseme.

Je, msomaji, asiseme nini? Sikiliza.

Wasichana sita wa Mkwajuni hawakuwa na mahali pa kunyosha hata mkono. Wavulana walikuwa na kiwanja chao cha visiki. Wasichana waliambiwa kwamba kutembea kutoka nyumbani kwao mpaka darasani ndiyo mazoezi yao. Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili, na dirisha la upande wa barabara lilipigiliwa misumari wasichunguliwe. Joto la Machi lilipoingia, Kanze, aliyelala kitanda cha jirani na Mwanasha, alianza kuumwa kichwa, kisha kukosa usingizi, kisha kulia bila sababu huku kitabu kiko wazi mbele yake.

Siku moja alisema, "Mwanasha, nikizidi kukaa humu nitapasuka. Twende tukaoge."

Walipita katikati ya minazi wakati wa alasiri, wao wawili. Waliacha mabuibui juu ya jiwe, wakaingia na kanga zao. Maji yalikuwa yakipwa. Hawakujua kwamba pale mwamba una mlango, na kwamba maji yakipwa yote hutokea hapo kwa kishindo. Mwanasha alipiga hatua moja zaidi, na mchanga haukuwapo.

Kanze alipiga ukemi wa kuita msaada. Dzombo alikuwa akikimbia ufukweni peke yake, kama alivyokuwa akifanya kila siku. Alishika kuti kavu la mnazi, akaingia mpaka kifuani, akamnyoshea. Yeye, mtu aliyeogopa maji. Mwanasha alilishika. Wimbi la pili likawakumba wote wawili.

Mwalimu Mwero alifika mbio, akajitosa. Mmoja alikuwa karibu, mmoja mbali. Alimchukua wa karibu. Aliporudi kwa wa mbali, bahari ilikuwa imetulia.

Akiwa amepiga magoti mchangani, akitapika maji ya chumvi, mwalimu aliwaambia wasichana wale, "Nendeni kwa njia ya shambani. Hamkuwa hapa. Ikijulikana, kesho nyumba ya wasichana itafungwa, na hakuna binti wa Kwale atakayesoma hapa tena. Mimi nitajua la kusema."

Na alijua la kusema. Aliandika ripoti ya uongo, na uongo huo ndio uliokuwa ukimpeleka jela.

Mwanasha alisimama.

"Hakukuwa na somo lolote siku ile," alisema.

"Mwanasha, kaa chini," alisema baba yake.

"Dzombo aliingia majini kwa ajili yangu."

"Mwanasha! Nimesema kaa!"

"Sitakaa, baba. Nimekaa miezi miwili."

Akasema yote. Alisema juu ya kanga, na mlango wa mwamba, na kuti. Hakumtaja Kanze, alisema tu alikuwa na mwenzake. Alipofika pale mwalimu alipomchukua yeye akamwacha Dzombo, aliimalizia habari kwa kunong'ona. Mapanka ya darini yalisikika kuliko yeye.

Mjumbe mmoja alisema, "Aibu!" Mwingine alisema, "Ndiyo hayo tuliyoyasema, mabinti hapa ni fitina!" Mwenyekiti aligonga meza mpaka gilasi ikaanguka.

Dama hakumsikia yeyote kati yao. Alivuka ukumbi, akasimama mbele ya Mwanasha, karibu kabisa.

"Wewe ndiye?"

"Ndiyo, mama."

"Alisema neno?"

"Alisema, 'Shika.' Mara mbili. 'Shika, shika.'"

Mama yule alikaa chini sakafuni, pale pale aliposimama, akajifunika uso kwa kanga. Hakulia kwa sauti. Mabega yake ndiyo yaliyokuwa yakitikisika. Mwanasha alipiga magoti kando yake, asijue kama ana haki ya kumgusa. Basi hakumgusa.

"Mwalimu," alisema Mwenyekiti, "kwa nini ulilidanganya Baraza?"

"Kwa sababu nililiambia Baraza kweli hapo kwanza, Bwana Mwenyekiti, na haikunifaa." Mwalimu Mwero alitoka ukutani. "Mwaka jana niliomba kitu kidogo. Sikuomba bwawa. Niliomba ua wa makuti, pale Galu kwenye kidimbwi cha ndani ambapo maji hayana nguvu, na mama mmoja wa kuwafundisha wasichana, mara mbili kwa wiki. Makuti yapo bure. Nililetewa jibu la mstari mmoja. 'Msichana hakuja chuoni kucheza.'"

"Nani aliyelitia sahihi jibu hilo?"

Mwalimu alitupa jicho kwenye meza ya wajumbe, akaliondoa upesi.

"Nimekuuliza, mwalimu."

"Imekwisha pita hiyo, Bwana Mwenyekiti. Haina haja."

Kiti kilisukumwa nyuma. Bwana Alfani alikuwa amesimama tena. Safari hii alishika meza kwa mikono miwili.

"Ni mimi," alisema. "Mimi ndiye niliyeandika."

Mwanasha aliinua uso kutoka sakafuni. Hakuwa akijua. Ewe msomaji, katika mambo yote yaliyomfika binti huyu tangu hadithi hii ianze, hakuna lililomwingia kama maneno hayo matatu. Baba na binti walitazamana, na baba ndiye aliyeangalia kando.

Hapo ungedhani kila mtu angekuwa na haya ya kunyamaza. Lakini Bwana Kombe alikuwa ameona njia imefunguka, naye hakuwa mtu wa kuiacha ijifunge.

"Mabwana! Mmesikia wenyewe. Hatuwezi tena kungoja. Mama Dama, mbele ya watu hawa ninakuahidi, jengo hilo tutaliita Bwawa la Dzombo. Jina la mwanao litachongwa kwenye jiwe, juu ya mlango!"

Wachache walipiga makofi. Dama alijifunua uso. Macho yalikuwa mekundu, lakini makavu.

"Hilo bwawa," alisema, "wasichana wataingia?"

Makofi yalikufa.

"Wataingia?" alirudia. "Huyu hapa ataingia?"

Bwana Kombe alirekebisha tai yake. "Mama, kwa sasa mpango umechorwa kwa wavulana. Ni wengi zaidi. Na mila za watu wa huku, unajua... Baadaye, inshallah, tutatazama."

"Basi jina la mwanangu msilitie." Dama aliinuka polepole. "Alikufa akimtoa msichana baharini. Ninyi mtajenga, mtaweka jiwe, na huyu atasimama nje ya ukuta akisikia wenzake wakicheka ndani. Siku atakapochoka kusikia, atakwenda wapi? Atarudi kule kule. Na safari hiyo Dzombo hayupo."



Mwenyekiti aliita kura, kwa sauti ya mtu anayetaka siku iishe. Wajumbe tisa. Wanaotaka bwawa, wanne. Wanaotaka maktaba, wanne. Mkono mmoja haukuinuka popote.

"Bwana Alfani?"

Wote walimgeukia. Kwa miezi mitano mtu huyu alikuwa amezunguka nyumba za wajumbe, kuanzia Msambweni mpaka Kwale, akiipigania maktaba. Sasa ilibaki ainue mkono tu aipate.

"Bwawa nalipinga," alisema polepole. "Makabati ya vitabu ni matatu tu, na bwawa linalowafungia mabinti nje si la chuo, ni la baadhi ya watu. Lakini leo sitainua mkono kwa maktaba. Mkono huu ulishaandika mstari mmoja hapa, na mtoto wa mwenzangu yuko kaburini. Bwana Mwenyekiti, najiuzulu."

Ukumbi ulilipuka. Bwana Kombe alirusha karatasi zake hewani. Chuo hakikupata bwawa wala maktaba; Mwenyekiti aliliahirisha shauri, akafunga kikao. Wakati huo huo Inspekta alifika, akamchukua Mwalimu Mwero. Kifo cha Dzombo hakikuwa tena juu yake, lakini ripoti ya uongo ilikuwa ya uongo. Mwalimu aliingia garini bila kushikwa. Alipompita Mwanasha alisema tu, "Umefanya vizuri," na gari likashika njia ya Kwale.

Mwanasha alimwendea baba yake barazani.

"Baba..."

"Kafunge sanduku lako. Tunarudi Msambweni."

"Baba, umejiuzulu mbele ya watu kwa sababu ya neno lile. Na sasa unanitoa chuoni?"

"Nakutoa karibu na maji!" Sauti ya Bwana Alfani ilipasuka. "Unafikiri nimesikia nini mle ndani? Maktaba? Bwawa? Nimesikia kwamba kuna siku nilikuwa sina binti, na sikuijua. Nilikula chakula changu siku ile, nikalala. Nenda kafunge sanduku."

Dama alikuwa amekaa kwenye ngazi, akipumzisha miguu. Hakugeuka, lakini alisema, "Bwana, Msambweni hakuna bahari?"



Mwanasha alikwenda nyumba ya wasichana, machozi yakimziba njia. Alitarajia kuikuta shwari. Badala yake aliwakuta wenzake wanne nje, wamesimama wameshikana mikono. Wanne. Alihesabu tena.

"Kanze yuko wapi?"

Walitazamana. Mmoja wao, Mapenzi, mdogo kuliko wote, ndiye aliyesema.

"Alikuwa chini ya dirisha la ukumbi. Alisikia yote. Alisikia kwamba bwawa si letu. Alisikia na ule mstari wa baba yako. Akarudi hapa akicheka, Mwanasha, cheko lenyewe silo. Akasema, 'Bwawa wamelifunga kabla hawajalijenga, lakini bahari haina kufuli. Leo nitaoga mchana kweupe, wote waje watazame.' Tulimshika. Alituponyoka."

"Amekwenda lini?"

"Kelele zilipolipuka kule ukumbini."

Mwanasha alitazama upande wa bahari.  Maji yaliyojaa adhuhuri yalikuwa yakipwa saa hiyo kwa nguvu zake zote. Na mtu pekee pale chuoni aliyejua kuogelea alikuwa ndani ya gari la polisi, njiani kwenda Kwale.

Alikimbia.

Alikata katikati ya minazi, buibui likimnasa miguuni. Alilivua, akalitupa. Visiki vilimchoma. Pumzi zilimwishia upesi, maana kifua chake hakikuwa kimezoea mbio; tangu aingie chuo hakuwahi kukimbia hatua hamsini. Alisimama akajishika ubavu, na hapo akasikia mtu mwingine nyuma yake, miguu mizito, pumzi za kukoroma.

Alikuwa baba yake. Kanzu ameikunja mpaka magotini, kofia haipo kichwani. Alikuwa amemwona binti yake akikimbilia upande wa bahari, na hakungoja kuuliza kwa nini.

"Mwanasha! Usiingie! Wallahi usiingie!"

"Si mimi, baba! Ni Kanze!"

Walitokea ufukweni pamoja.

Pwani ilikuwa tupu. Juu ya jiwe palikuwa na buibui lililokunjwa vizuri, na juu ya buibui miwani ya Kanze ya kusomea. Mwanasha aliyapeleka macho mbele, kwenye ule mlango wa mwamba ambao aliuona kila alipofumba macho. Maji yalikuwa yakitoka hapo kama yanamiminwa. Na katikati yake palikuwa na kichwa cheusi, na mkono mmoja uliopanda, ukashuka.

"Kanze!"

Mkono ulipanda tena. Haukuwa ukiaga wala kutania. Ulikuwa ukitafuta.

Mwanasha alipiga hatua. Baba yake alimshika begani, akamrudisha nyuma kwa nguvu hata akaanguka mchangani. Alidhani anamzuia tu. Alitaka kupiga kelele, kumlaumu, kumwambia kwamba ndivyo walivyokaa Baraza zima, wakizuia tu.

Lakini Bwana Alfani alikuwa akiivua kanzu.

Aliivua, akaitupa, akabaki na msuli kiunoni. Hakukimbilia moja kwa moja kwenye maji kama Dzombo. Alikwenda kando kwanza, hatua kama arobaini kusini, akiyatazama maji kama mtu anayesoma maandishi ya zamani aliyokuwa akiyajua. Kisha akaingia, akapiga mbizi, akaibuka mbali, na mikono yake ikaanza kukata maji, mmoja baada ya mwingine, bila haraka, bila kelele.

Mwanasha alibaki amepiga magoti, kinywa wazi.

Miaka ishirini na miwili alikuwa binti wa mtu huyu. Alimjua akisali, akiuza nazi, akigombana, akicheka. Hakuwahi kujua kwamba baba yake anajua kuogelea. Hakuwahi kuambiwa. Hakuwahi kufundishwa.

"Baba!" aliita, na hakujua kama anamhimiza au anamlaumu.

Mzee alifika. Mwanasha aliona vichwa viwili vikikaribiana, vikagusana. Aliona mkono mpana ukipita chini ya kwapa la Kanze. Kisha aliona Kanze, kwa hofu ya mtu anayezama, akimpanda mzee shingoni kwa mikono miwili.

Wimbi likapita juu yao.

Mwanasha alisimama. Alipangusa chumvi machoni, akatazama, akapangusa tena.

Kichwa kilikuwa kimoja, nacho kilikuwa kimeshatoka nje ya mwamba. Kwa umbali ule hakuweza kujua ni cha nani.